"Utafiti Umethibitisha": Mwalimu wa Michezo na Lugha ya Ushahidi

Utangulizi

Kila panapozungumzwa maendeleo ya michezo nchini, haikosi kutolewa lawama kwamba walimu wa michezo hawaujali utafiti. Husemwa kwamba mwalimu wa timu, awe wa mjini Mwanza au wa kijiji cha wavuvi huko Ukerewe, hufundisha kama alivyofundishwa yeye, na kwamba matokeo ya uchunguzi wa kisayansi humpita kama upepo. Lawama hiyo ikishatolewa, ya pili huifuata: kwamba Kiswahili hakina istilahi za kuyabeba matokeo hayo, na kwa hiyo mwalimu asilaumiwe kupita kiasi.

Makala haya yanakusudia kuzipinga lawama zote mbili na kuweka ya tatu mahali pake. Twaona kwamba mwalimu wa michezo huupima utafiti, na maswali anayoupimia ni ya haki. Twaona pia kwamba majina ya misuli, viungo na mazoezi yanapatikana, na pale yasipopatikana huundwa bila taabu kubwa. Kilichopungua ni lugha ya ushahidi, yaani maneno yanayomwambia msomaji jambo fulani limejulikana kwa kiasi gani, kwa watu gani, na kwa kulinganishwa na nini. Upungufu huo haukuletwa na mwalimu. Umeletwa na sisi tunaotafsiri, tunaohariri na tunaoandika miongozo.

Mwaka 1967 zilitungwa sheria mbili, moja ikiunda Baraza la Kiswahili la Taifa na nyingine Baraza la Michezo la Taifa. Mabaraza hayo ni ya umri mmoja. Si jambo la ajabu, basi, kwa jarida la istilahi kuuliza jinsi lugha ya taifa inavyoitumikia michezo ya taifa.

Mwalimu huuliza nini

Mkoa wa Mwanza unafaa kuwa mfano wetu. Humo, katika Wilaya ya Kwimba, ndimo kilimo Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, ambacho huwaandaa walimu na viongozi wa michezo kutoka pande nyingi za nchi. Mjini kuna uwanja wa CCM Kirumba, na uwanja wa Nyamagana uliotandikwa nyasi bandia. Lakini watoto wengi wa Igogo, Mabatini au Igoma hawachezi katika viwanja hivyo. Wao huchezea ardhi tupu yenye changarawe na mawe, katika mji ambao wenyeji wake huuita mji wa miamba. Mwalimu anayewaandaa watoto hao kwa mashindano ya shule za msingi au za sekondari, yaani UMITASHUMTA na UMISSETA, ana mpira mmoja au miwili, filimbi, saa, na muda mfupi kabla jua halijazama ziwani.

Tuchukulie kwamba mwalimu huyo amesomewa habari kwamba utafiti umethibitisha kuwa zoezi fulani hupunguza kuumia. Hatauliza jina la jarida wala cheo cha mwandishi. Atauliza: "Sasa, ndugu, hao waliopimwa walikuwa kina nani? Watu wazima au watoto? Walikuwa wangapi? Walicheza kwenye uwanja wa namna gani? Na wenzao wasiofanya zoezi hilo, je, waliumia wangapi?" Mwisho atauliza kama zoezi lenyewe linataka kifaa.

Wasomaji waliowahi kufundishwa mbinu za utafiti watatambua kwamba maswali hayo ndiyo yale yale yanayofundishwa vyuoni: sampuli ni ipi, ukubwa wake ni upi, mazingira yalikuwaje, na ulinganisho ulikuwa na kundi gani. Kuuliza si ujinga, wahenga walikwisha kusema. Ujinga uko kwa yule anayejibu, "Utafiti umethibitisha, basi," kana kwamba tamko hilo ni amri ya serikali.

Historia nayo yatuonyesha kwamba mwalimu hukubali sayansi pale anapoweza kuishika mkononi. Mwaka 1968 daktari Kenneth Cooper wa Marekani alitangaza kipimo chepesi: mtu akimbie dakika 12, kisha upimwe umbali alioufikia. Alikuwa amewapima wanaume 115 wa Jeshi la Anga la nchi yake, akakuta umbali huo wawiana sana na kiasi cha juu cha oksijeni ambacho mwili waweza kukitumia. Kipimo hicho kilienea duniani kote, na waamuzi wa mpira wa miguu walipimwa kwacho kwa miaka mingi. Kilihitaji njia iliyopimwa na saa, navyo vyapatikana hata Malya. Kwa Kiswahili hakikuleta taabu yoyote, kwa kuwa tayari tulikuwa na neno "pumzi", na kila mchezaji ajua maana ya kuambiwa kwamba pumzi zake ni fupi.

Huko Kanada, uchunguzi uliotolewa mwaka 2008 juu ya walimu wa wanamichezo wa ngazi ya juu ulionyesha kwamba walimu hao walielekea kuwauliza walimu wenzao kuliko kusoma majarida ya kisayansi. Walimu wa nchi tajiri, wenye maktaba na wasomi wa kuwashauri, hupenda mazungumzo kuliko makala. Tusimfanye mwalimu wa Mwanza kuwa mwenye kasoro ya pekee.

Kupasha na kunyoosha

Hebu sasa tuingie katika maneno yenyewe. Ili tusimwonee mtafsiri yeyote, sentensi tutakazozikosoa tumezitunga wenyewe kwa kufuata mtindo uliozoeleka. Uchunguzi unaotajwa, hata hivyo, ni wa kweli.

Uwanjani Kiswahili hutofautisha vitendo viwili. Kupasha misuli moto ni kukimbia taratibu, kurukaruka na kuuchangamsha mwili hadi joto lipande. Kunyoosha misuli ni kuuvuta msuli na kuushikilia hapo kwa muda. Mchezaji yeyote ajua tofauti hiyo kwa mwili wake. Lakini katika maandishi yetu vitendo hivyo viwili hutupwa pamoja katika kapu la "mazoezi ya viungo" au la "maandalizi ya mwili", na mara nyingine neno moja huchukua mahali pa jingine.

Mwaka 2000 ulitangazwa uchunguzi wa askari wanafunzi 1,538 wa jeshi la Australia. Wote walipasha misuli kabla ya mazoezi. Kundi moja, la watu 735, liliongeza kunyoosha misuli sita mikubwa ya miguu. Kundi la pili, la watu 803, halikunyoosha. Katika majuma 12 ya mafunzo, kundi la kwanza lilipata madhara ya miguu 158, na la pili 175. Ukigawanya kwa idadi ya watu, utaona kwamba makundi hayo karibu yalingane. Kunyoosha hakukuleta nafuu ya kuonekana.

Mwaka 2008 ulitangazwa uchunguzi wa Norwe juu ya wasichana 1,892 wacheza mpira wa miguu, wenye umri wa miaka 13 hadi 17. Vilabu vyao viligawanywa kwa kura. Wasichana 1,055 walifuata mpango maalumu wa kupasha misuli, wenye mbio za taratibu, mazoezi ya nguvu, kusimama kwa mguu mmoja, na kuruka na kutua kwa namna sahihi. Wengine 837 waliendelea kama kawaida yao. Mpango huo ndio ulioenezwa na Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Miguu kwa jina la "11+". Mwaka 2014 ulitangazwa uchunguzi wa mpango huo huo katika ligi ya vijana wa kiume mjini Lagos, Nigeria, kwa timu 20 zenye wachezaji 416. Waliofuata mpango waliumia kwa kiwango kilichokuwa pungufu kwa asilimia 41 kuliko wenzao.

Sasa mtafsiri asiyejali apewe habari hizo. Kutokana na ile ya Australia ataandika: "Utafiti umethibitisha kwamba mazoezi ya maandalizi hayazuii majeraha." Kutokana na zile za Norwe na Lagos ataandika: "Utafiti umethibitisha kwamba mazoezi ya maandalizi huzuia majeraha." Mwalimu wa Igogo akizisoma zote mbili atafanya nini? Atasema kwamba wasomi hawa hawaelewani wenyewe kwa wenyewe, naye atazitupa zote. Uamuzi wake utakuwa wa busara kwa kadiri ya alichopewa. Lakini gharama yake itamwangukia mtoto, ambaye angeweza kuepushwa na goti lililoharibika kwa dakika 20 za mazoezi yasiyohitaji kifaa chochote. Goti likikatika kano, safari ni ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Bugando, na kwa mzazi anayeuza dagaa safari hiyo si ndogo.

Kumbuka, msomaji, kwamba lugha haikukosa maneno hapa. "Kupasha" lilikuwapo na "kunyoosha" lilikuwapo. Mtafsiri aliyaacha kwa sababu aliyaona ni ya uwanjani, akachagua neno pana lenye sura ya kitabu. Huu ndio ugonjwa tunaopenda kuukemea: kudhani kwamba neno la watu wa kazi halifai kuwa istilahi.

Jeraha na majeruhi

Kosa la pili lahusu kinachohesabiwa. Katika Kiswahili cha kila siku jeraha ni mahali palipokatika au kuchubuka, pakatoka damu. Mguu ulioteguka hauna jeraha kwa maana hiyo, wala msuli uliovutika. Siku hizi watangazaji wetu wa michezo wameongeza utata kwa kusema kwamba mchezaji fulani "anasumbuliwa na majeruhi". Majeruhi ni mtu aliyejeruhiwa. Mchezaji hawezi kusumbuliwa na majeruhi isipokuwa kama amebeba mwenzake begani.

Huenda mtu akaona kwamba hili ni jambo la kuchekesha tu. Lakini tufikirie fomu inayomtaka mwalimu aandike idadi ya majeraha ya timu yake kwa msimu mzima. Mwalimu mwenye Kiswahili safi atahesabu walioumizwa na mawe na vipande vya chupa. Mwenye Kiswahili cha redio atahesabu watu. Aliyetegua kifundo cha mguu mara tatu atakosekana katika hesabu ya kwanza, na katika ya pili ataonekana mara moja. Takwimu zitakazokusanywa hivyo hazitalingana na za Lagos wala za Norwe, kwa maana huko anayehesabiwa ni yule aliyeumia kiasi cha kushindwa kushiriki kikamilifu katika mazoezi au mchezo unaofuata.

Pendekezo letu ni kurudi katika kitenzi. "Kuumia" ni neno la Kiswahili lililo hai, linalobeba mteguko, mvunjiko, mkazo wa misuli na jeraha lenyewe. Mwongozo uliofasiriwa vema ungesema: "Hesabu kila mara mchezaji alipoumia hata asiweze kushiriki mazoezi au mchezo uliofuata." Hapo mwalimu ana kipimo, na hahitaji kamusi.

Juu ni wapi

Kosa la tatu ni la kuziacha namba njiani. Wakimbiaji wengi husikia kwamba utafiti umethibitisha faida ya "kuishi sehemu za juu na kufanya mazoezi sehemu za chini". Maneno hayo yametokana na uchunguzi uliotangazwa mwaka 1997 na Wamarekani Benjamin Levine na James Stray-Gundersen. Waliwagawa wakimbiaji 39 katika makundi matatu ya watu 13. Kundi lililoishi kwenye mwinuko wa mita 2,500 na kufanya mazoezi kwenye mita 1,250 lilipunguza muda wake katika mbio za mita 5,000. Lililoishi na kufanya mazoezi juu, na lililobaki karibu na usawa wa bahari, hayakupata nafuu hiyo.

Mwalimu wa riadha wa Mwanza afanye nini na habari hiyo? Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Mtu wa Dar es Salaam humwambia Msukuma kwamba anakaa bara, juu. Mwalimu akisoma "sehemu za juu" bila namba, ana haki ya kudhani kwamba mji wake umo ndani ya sifa hiyo, na kwamba vijana wake wanaishi juu tayari. Namba zasema kinyume. Mahali palipoitwa "chini" katika uchunguzi huo palikuwa juu zaidi kuliko ufuko wa Mwanza. Kwa kipimo cha watafiti hao, Mwanza ni mahali pa kufanyia mazoezi. Mahali pa kulala pangetafutwa kwingine.

Juu ya hayo, namba humkinga msomaji na kosa la upande wa pili, la kukata tamaa. Suleiman Nyambui, aliyetwaa medali ya fedha ya mbio za mita 5,000 katika Michezo ya Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, alizaliwa Majita, kando ya ziwa hili hili, katika Mkoa wa Mara. Mwaka huo huo Filbert Bayi, mtu wa nyanda za Karatu, alitwaa fedha katika mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Mmoja ametoka ufukweni, mwingine nyanda za juu. Watu wawili si ushahidi wa jambo lolote juu ya mwinuko, lakini wakimbiaji 13 katika kila kundi, kwa majuma manne, nao si ushahidi wa kumwambia kijana wa Majita kwamba hana matumaini. Mtafsiri akiziacha namba 13 na nne, amemnyima mwalimu mizani ya kupimia uzito wa maneno aliyopewa.

Kitenzi "kuthibitisha"

Tumefika kwenye kiini cha hoja yetu. Katika lugha za kigeni, watafiti hutumia vitenzi vya ngazi mbalimbali: uchunguzi mmoja hudokeza, mwingine huonyesha, mwingine huafikiana na zilizotangulia. Vyote hivyo, vikifika kwetu, hugeuka kuwa "kuthibitisha". Katika Kiswahili kuthibitisha ni kuliweka jambo imara lisitikisike. Ni neno la mahakamani na la ajira ya serikali, ambamo mtumishi hukaa katika majaribio kabla hajathibitishwa. Watumishi wa umma miongoni mwa wasomaji wetu watatuelewa upesi: hakuna ofisi inayomthibitisha mtu siku ya kwanza aripotipo kazini.

Tuchukue mfano. Mwaka 2011 ulitangazwa uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Stanford juu ya wachezaji 11 wa mpira wa kikapu walioongeza muda wa kulala kwa majuma kadhaa. Mbio zao na shabaha zao zilikuwa bora kuliko mwanzoni. Hapakuwa na kundi jingine la kuwalinganisha nao. Habari hiyo yafaa kumfikia mwalimu wa visiwani, ambaye baadhi ya wachezaji wake huvua dagaa kwa taa usiku kucha na kufika mazoezini jioni. Lakini imfikie hivi: "Uchunguzi wa wachezaji 11, usio na kundi la kulinganishia, wadokeza kwamba kuongeza usingizi huenda kukaboresha mchezo." Akiisoma hivyo, atajua kwamba amepewa jambo la kujaribu, na kwamba si la kumfukuzia kijana kwenye timu kwa sababu ya riziki yake.

Katika mfano huo tumetumia "kundi la kulinganishia". Wengi huandika "kundi dhibiti". Neno hilo latupa mashaka, kwa kuwa kudhibiti ni kuzuia na kutawala, na kundi hilo halimzuii wala halimtawali mtu. Linakaa pembeni kama kipimo. Mwalimu akisikia "kundi dhibiti" atadhani ni wale waliosimamiwa kwa ukali zaidi, yaani kinyume kabisa cha maana.

Tena kuna "muhimu kitakwimu". Maana ya kitaalamu ni kwamba tofauti iliyoonekana haielekei kuletwa na bahati peke yake. Haisemi kwamba tofauti hiyo ni kubwa, wala kwamba ina faida uwanjani. Lakini neno "muhimu" kwa Mswahili ni jambo la kushika sana. Ule uchunguzi wa Norwe watupa somo zuri. Walioumia miguu, ambalo ndilo jambo kuu lililokusudiwa kupimwa, walikuwa 121 kati ya 1,055 katika kundi la mpango, na 143 kati ya 837 katika kundi la kulinganishia. Hata hivyo, kwa sababu ya jinsi vilabu vilivyogawanywa, hesabu haikuweza kuiondoa kabisa bahati katika kipimo hicho. Iliiondoa katika jumla ya kuumia kwote. Ukisema "matokeo hayakuwa muhimu", mwalimu ataacha mpango mzima. Ukisema "yamethibitishwa", utakuwa umemdanganya. Ukisema "kuumia miguu kulionekana kupungua, lakini bahati haijaondolewa kabisa", utakuwa umempa ukweli, na uchunguzi wa Lagos utakuja kuuongezea uzito.

Asilimia nazo ziandamane na hesabu. Huko Denmark, mwaka 2011, ulitangazwa uchunguzi wa wachezaji 942 juu ya zoezi la kupiga magoti na kujiachia mbele taratibu huku mwenzako amekushika vifundo vya miguu. Kundi la wachezaji 461 waliofanya zoezi hilo liliumia misuli ya nyuma ya paja mara 15. Kundi la 481 wasiolifanya, mara 52. Ukiandika "limepungua kwa asilimia 70" umesema kweli, ila mwalimu mwenye wachezaji 20 hajui ategemee nini. Ukiandika "mara 3 hivi kwa kila wachezaji 100, badala ya mara 11", ataona wazi, na atapima mwenyewe kama jambo hilo lastahili muda wake mchache.

Pingamizi moja

Huenda msomaji akatuuliza: je, mkisharekebisha maneno, walimu watautumia utafiti? Hatuwezi kuahidi hivyo. Zoezi hilo la Denmark lilifuatiliwa katika vilabu 50 vya Ulaya, vikiwamo vya Ligi ya Mabingwa, kwa misimu ya 2012 hadi 2014. Katika jumla ya misimu 150 ya vilabu hivyo, mpango ulitimizwa wote katika misimu 16, na nusunusu katika 9. Vilabu hivyo vina madaktari, vina fedha, na ushahidi waupata katika lugha wanazozisoma bila taabu. Lugha peke yake, basi, haimfanyi mtu atende.

Lakini kuna tofauti kati ya anayekataa akijua na anayekataa kwa sababu hakuambiwa. Daktari wa klabu ya Ulaya anaweza kueleza kwa nini hakulitumia zoezi: ratiba imebana, wachezaji hulalamika maumivu, yeye ana njia nyingine. Mwalimu wa Mabatini naye anastahili haki hiyo ya kukataa kwa hoja, au kukubali kwa hoja. Huyo ni mtaalamu katika kazi yake. Anawajua watoto wake, uwanja wake na njaa ya saa kumi na moja jioni. Utafiti ni shahidi mmoja mbele yake, naye ndiye hakimu. Mtafsiri asijifanye hakimu kwa kumletea hukumu iliyokwisha kuandikwa.

Hitimisho

Kwa ufupi, twapendekeza yafuatayo. Kwanza, maneno ya uwanjani kama kupasha, kunyoosha, kuumia, kuteguka na pumzi yapewe heshima ya istilahi, kila moja kwa maana yake, yasibadilishwe kwa maneno mapana yasiyopambanua. Pili, vitenzi vya ushahidi vipangwe ngazi: "kudokeza" kwa uchunguzi mdogo au usio na ulinganisho, "kuonyesha" kwa uchunguzi wenye kundi la kulinganishia, na "kuthibitisha" kiwekwe akiba kwa jambo ambalo chunguzi nyingi, za mahali mbalimbali, zimeafikiana juu yake. Tatu, "kundi la kulinganishia" lichukue mahali pa "kundi dhibiti", na "tofauti isiyo ya bahati" ifikiriwe badala ya "tofauti muhimu kitakwimu". Nne, tafsiri yoyote ya matokeo ya utafiti wa michezo isitoke ofisini bila kutaja waliopimwa ni kina nani, wangapi, wapi, kwa muda gani, na wenzao walipata nini.

Hatudai kwamba maneno hayo ndiyo ya mwisho. Walimu wa Malya, na wa viwanja vya changarawe vilivyolizunguka ziwa, huenda wanayo bora kuliko haya yetu, na twawaomba watuletee. Kazi ya baraza la lugha ni kuyapokea, kuyapima na kuyasambaza. Mpaka hapo itakapofanyika, kila mwenye kalamu na ajiulize, kabla hajaandika kwamba utafiti umethibitisha, kama angekuwa tayari kusimama mbele ya mwalimu mwenye filimbi mkononi na kujibu swali lake la kwanza: hao waliopimwa walikuwa kina nani?